Betri ya moyo imepimwa, mbona mwenyewe hajisikii vizuri?

Saa tano asubuhi mama mkubwa alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kliniki, nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, zimebandikwa mikononi na miguuni, na kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani kimewekwa chini ya bega la kushoto, pale ngozi yake inapoinuka kidogo juu ya betri ya moyo aliyopandikizwa. Binti wa mashine, fundi wa kupima betri hizo, ambaye alishamwamkia shikamoo na kumuuliza habari za wajukuu, alikuwa anatazama kioo cha kompyuta.

"Mama, sasa utasikia moyo unakimbia kidogo, usiogope."

Ukakimbia.

"Sasa utausikia kama unakatika, ni mara moja tu."

Mama mkubwa akafumba macho, akanikamata kidole. Baada ya robo saa tukaambiwa mashine ni nzima, betri bado ina miaka kadhaa, turudi baada ya miezi sita. Tukapanda bajaji. Hatujafika nusu ya njia akaniambia, "Mwanangu, moyo wangu unaenda kama nimetoka kupanda mlima." Jioni hakula. Siku ya pili alikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, akaiacha katikati, anahema. Nyumba nzima ikawa na swali moja: wamemfanya nini huko, na wamesema kila kitu ni sawa?

Nimeshalisikia swali hilo kwa watu wengi wenye betri ya moyo, na kwa jinsi wanavyoliuliza wanaona aibu kidogo, kama vile wanalalamikia kitu kisichowezekana. Kinawezekana kabisa. Ila sababu ziko za aina nyingi, nyingine hupita kabla hujafika getini, nyingine hukaa hadi zirekebishwe, na chache hazitakiwi kusubiri hata usiku mmoja.

Tatizo linaanzia kwenye neno "kupima". Wengi wetu tunadhani kupima betri ya moyo ni kama kusoma mita ya Luku: mtu anaangalia salio, anaandika, anaondoka. Kazi ile inafanana zaidi na ya fundi wa pikipiki. Fundi haangalii tu. Anaiwasha, anavuta mafuta hadi inguruma, kisha anaachia taratibu hadi inakaribia kuzima, ili ajue inazimikia wapi. Kwenye kliniki ya moyo, hiyo pikipiki ni moyo wako, na wewe uko macho.

Betri ya moyo, au pesimeka kama wengine wanavyoiita, ni kijisanduku cha chuma chepesi kinachokaa chini ya ngozi, chenye betri na kompyuta ndogo. Humo hutoka waya mmoja au nyaya mbili, wakati mwingine tatu, zinazopita ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye vyumba vya moyo. Waya unafanya kazi mbili. Unausikiliza moyo, na moyo ukinyamaza kupita muda uliowekwa, unaupa msukumo mdogo wa umeme. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Kuna mtu ambaye mashine humsaidia mapigo machache tu ya usiku, na kuna mwingine ambaye karibu kila pigo linatoka kwenye kile kijisanduku. Hao wawili wakipimwa kwa namna moja, hawawezi kusikia kitu kimoja.

Fundi wa kliniki akishaunganisha kompyuta yake na mashine, huanza na yale yasiyosikika: nguvu ya betri, hali ya nyaya, na kumbukumbu ya miezi iliyopita. Kisha huja vipimo vyenyewe. Kimoja ni kushusha kasi, tuseme kutoka mapigo 60 kwa dakika hadi 40 au 30, ili aone kama chini ya mashine moyo una mapigo yake wenyewe. Kwa anayeitegemea mashine, hapo ndipo macho yanaingia giza na kichwa kinakuwa chepesi. Kipimo kingine ni kutafuta umeme mdogo kabisa unaotosha kuuamsha moyo. Fundi huongeza kasi kidogo ili mashine ndiyo iongoze, halafu anapunguza nguvu hatua kwa hatua: volti 2, moja na nusu, moja, robo tatu. Itafika hatua ambayo msukumo unatoka na moyo hauitiki. Pigo moja au mawili yanakosekana, fundi anarudisha nguvu mara moja. Mama mkubwa alilieleza pengo lile kama kukanyaga ngazi ambayo haipo, gizani.

Baadhi ya vile vidude vinavyowekwa kifuani vina sumaku ndani yake. Sumaku ikiwa juu ya mashine, mashine huacha kuusikiliza moyo na kupiga kwa kasi isiyobadilika, kwa kawaida kati ya 85 na 100 kwa dakika kutegemea kampuni iliyoitengeneza. Ndiyo maana mtu anaweza kusikia badiliko mara tu kinapowekwa, kabla fundi hajabonyeza chochote.

Haya yote yanaisha pale kipimo kinapoisha. Unaweza kubaki na mtetemo mwilini, kichefuchefu kidogo, uchovu wa mtu aliyeshtuliwa, kwa nusu saa au zaidi. Mimi naona ni haki ya mgonjwa kuambiwa kila hatua kabla haijaja, kama yule binti alivyofanya, na kuachwa akae kitandani dakika tano kabla ya kusimama. Pale ambapo foleni ni ndefu hizo dakika tano ndizo za kwanza kukatwa, na wazee ndio wanaoyumba kwenye korido.

Lakini mama mkubwa hakupata nafuu baada ya nusu saa. Alikaa hivyo siku tatu. Hapo tunaingia kwenye sababu za aina ya pili, na hizi zinahitaji kurudi nyuma kidogo.

Betri ya kwanza ya kupandikizwa ndani ya mwili wa binadamu iliwekwa Sweden tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska. Mhandisi alikuwa Rune Elmqvist, daktari mpasuaji alikuwa Åke Senning, na mgonjwa alikuwa Arne Larsson, ambaye alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku. Mashine ile ilifanya kazi kwa saa chache tu, ikabadilishwa. Larsson aliendelea kuishi hadi mwaka 2001, akafa na miaka 86, baada ya kubadilishiwa mashine zaidi ya mara ishirini. Enzi hizo kilichowekwa ndicho kilichobaki. Kama kasi haikukufaa, dawa yake ilikuwa kisu. Kuanzia miaka ya 1970 ndipo zilipoenea mashine zinazoweza kubadilishwa mpangilio kutoka nje, juu ya ngozi, bila kupasua. Hiyo ni neema kubwa. Lakini maana yake pia ni kwamba siku hizi unaweza kuingia kliniki na mpangilio mmoja ukatoka na mwingine, bila kovu, bila bandeji, bila alama yoyote ya kumwonyesha jirani.

Kilichobadilishwa kwa mama mkubwa kilikuwa herufi moja. Aina ya kazi ya mashine huandikwa kwa herufi: ya kwanza inataja chumba kinachopigwa na umeme, ya pili chumba kinachosikilizwa, ya tatu mashine inafanya nini ikisikia pigo. D ni vyumba vya juu na vya chini pamoja, V ni vya chini, A ni vya juu. Herufi ya nne, kama ipo, ni R, na maana yake mashine imewashiwa kihisi kinachoongeza kasi ya moyo mtu anapojishughulisha. Karatasi ya miezi sita nyuma ilisema DDD. Karatasi mpya ilisema DDDR.

Na ilikuwa na sababu nzuri. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha kuwa moyo wake, asubuhi na jioni, akiwa amelala au akienda sokoni, ulikuwa umeganda kwenye mapigo 60 na kidogo. Sehemu ya moyo inayotakiwa kupandisha kasi mtu anapotembea ilikuwa imechoka. Mtu wa namna hiyo hushindwa hata ngazi chache, kwa sababu damu haifiki miguuni kwa kasi inayotakiwa. Ukimwashia kihisi, wengi husema wamerudishiwa miguu yao.

Sasa, kihisi cha aina iliyozoeleka zaidi hakijui kama unatembea. Kinachojua ni mtikisiko. Ndani ya kijisanduku mna kipimo cha mwendo kinachofanana na kile kinachohesabu hatua kwenye simu, na kinapotikiswa kinadhani mwenyewe yuko kazini. Ukimpandisha mama wa miaka 71 kwenye bajaji, barabara yenyewe ya vumbi na mashimo, kihisi kinaona mtu anayekimbia. Mashine inatii. Moyo unapelekwa kwenye 110 au 120 huku mwenyewe amekaa ameshika mkoba. Kukuna nazi ndiyo kabisa: mwili wa juu unakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, mkono wa kushoto umekaza kifuu, na kijisanduku kiko papo hapo chini ya bega. Miguu imetulia, lakini kihisi hakiko miguuni. Kwa upande mwingine, mtu anayeendesha baiskeli kwenye lami laini anaweza kuwa anatoka jasho na kihisi kisione kitu, kwa kuwa kifua chake kimetulia.

Ndiyo maana kihisi kina ngazi za ukali, na ngazi inayomfaa mmoja si ya mwingine. Fundi hukisia, mgonjwa huenda nayo nyumbani, na jibu la kweli hupatikana jikoni, shambani, sokoni. Bila mgonjwa kurudi na kusema, lile kisio linabaki kama lilivyo.

Badiliko lingine linaloleta malalamiko ni la kasi ya chini, ile ambayo mashine hairuhusu moyo ushuke zaidi ya hapo. Ikitolewa 60 ikawekwa 70 au 75, kuna watu hawatasikia kitu na kuna watu usiku wataulalamikia moyo kuwa unagonga masikioni wakiwa wamelala ubavu wa kushoto. Mara nyingi mwili huzoea ndani ya siku chache. Usipozoea, ni halali kurudi.

Gumu zaidi ni pale vyumba vya juu na vya chini vinapopoteza utaratibu wao. Katika moyo mzima vyumba vya juu hujikamua kwanza, vinajaza vya chini, ndipo vya chini navyo vinasukuma damu mwilini. Mashine ikibaki inapiga vyumba vya chini peke yake, kuna mtu ambaye vyumba vyake vya juu vitajikamua wakati milango ya katikati imefungwa. Damu haina pa kwenda ila kurudi nyuma, na inarudi hadi kwenye mishipa ya shingo. Anayepatwa husikia shingo inadunda, kichwa chepesi, pumzi fupi, na uchovu usioeleweka, na presha yake inaweza kushuka. Wakati wa vipimo hali hii hutokea kwa dakika moja mbili. Inapoendelea nyumbani, kuna mawili ya kuuliza: je, mpangilio ulibadilishwa, au betri imefikia kiwango cha kuhitaji kubadilishwa? Baadhi ya mashine, zikifika hapo, huhamia zenyewe kwenye mpangilio wa kubana matumizi, chumba cha chini peke yake, kwa kasi kama 65. Mwenyewe anaona amezeeka ghafla ndani ya wiki moja.

Halafu kuna nguvu ya msukumo. Ikipandishwa, umeme unaweza kuugusa mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo, ile misuli ya chini ya mapafu, na mtu akapata kwikwi zisizokoma au akaona tumbo linarukaruka sambamba na mapigo. Haifurahishi, na inarekebishika kwa dakika chache za kompyuta. Ikishushwa ili kutunza betri, huachwa akiba, kwa kawaida mara mbili ya kile kiwango kilichopatikana kwenye kipimo. Akiba hiyo inaweza kuliwa na mambo ya nje: potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ikipanda kwa mwenye figo dhaifu, au ukianzishiwa baadhi ya dawa za kutuliza mapigo. Kwa hiyo dawa mpya iliyoandikwa wiki hiyo, hata na daktari mwingine wa jambo lingine, inahusu.

Kuna na jambo la saa. Kabla Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete haijaanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, Watanzania wengi wenye maradhi ya moyo walipelekwa India, na wapo waliorudi na mashine zilizopangwa huko. Mashine ina saa ndani, na saa hiyo huwekwa na kompyuta iliyoipanga. India wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Kama mashine imewekewa kushusha kasi wakati wa kulala, kuanzia saa nne usiku, na saa yake bado ni ya kule, kwetu itaanza kulala saa moja na nusu, watu hawajala. Ukiona unalegea kila siku saa ileile, litaje.

Na tusiisahau siku yenyewe ya kliniki. Mtu ameamka saa kumi usiku, hajanywa chai kwa kudhani ni kipimo cha kufunga, hajameza dawa ya presha ili "isiharibu majibu", ameketi kwenye benchi kwa muda wa saa nne, kisha amelazwa chali na kuinuliwa haraka. Hata asiye na betri angeona nyota. Kupima mashine hakuhitaji njaa. Kula, meza dawa zako kama ulivyoandikiwa, na mwenye kisukari abebe cha kutafuna.

Sasa lile jibu la "kila kitu ni sawa". Binti wa mashine hakudanganya. Alikuwa anazungumzia betri, nyaya na mapigo yaliyoandikwa. Mashine inaweza kuwa nzima na mwenye mashine akawa na upungufu wa damu, moyo uliotanuka, maambukizi ya kifua, au mapigo yasiyo na mpangilio yaliyoanza jana. Ukijisikia vibaya baada ya hapo, usikubali maneno yale yakufunge mdomo.

Yapo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe: kuzimia au kukaribia kuzimia, maumivu ya kifua, pumzi kukatika ukiwa umetulia, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa na usishuke, na udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili. Kwikwi au misuli inayoruka ikianza pamoja na kizunguzungu nayo ni ya haraka, kwa kuwa waya unaweza kuwa umehama. Pale mashine ilipo, wekundu, joto, uvimbe, usaha au ngozi inayotaka kupasuka, hata kama hakuna homa, ni kazi ya daktari wa moyo, wala si ya kukandwa na maji ya moto.

Hesabu mapigo yako mkononi kwa dakika nzima. Kama kasi yako ya chini ni 60 na unapata 35 au 40, nenda ukapigwe ECG. Huenda mashine haifikii moyo. Huenda pia ni mapigo ya mapema yasiyokuwa na nguvu ya kufika mkononi, jambo lisilo la hatari kiasi hicho, lakini kidole hakiwezi kukutofautishia, na mashine ya presha ya nyumbani nayo haiwezi.

Nyumbani weka pamoja kadi ya mashine na karatasi za kila kliniki. Kadi ina jina la kampuni na namba ya mashine, na bila hiyo fundi anaweza kukosa kukusaidia, maana kila kampuni ina kompyuta yake na hazisomani. Kabla hujashuka kitandani uliza: leo mmebadilisha nini, kutoka ngapi kwenda ngapi? Waombe waandike.

Siku ya nne tulirudi na karatasi mbili, ya zamani na mpya. Binti alizilaza sambamba, akaiona ile R kabla sijaionyesha.

"Mama, ulikuwa unafanya nini ulipozidiwa?"

"Nakuna nazi, mwanangu."

"Hebu ikune hapa nione."

Mama mkubwa akaketi ukingoni mwa kitanda, akapanga kanga, akainama na kuanza kukuna nazi ambayo haipo, mikono yote miwili. Mimi na binti tukawa tunaangalia kioo. Sabini na mbili. Tisini. Mia na nne. Mia na kumi na nane. Akamwambia apumzike, akashusha ukali wa kihisi ngazi mbili, akateremsha na kasi ya juu, kisha akamwomba aanze tena. Safari hii iliishia themanini na mbili. Akamtembeza korido nzima hadi mlangoni na kurudi, ikafika tisini na tano, na mama mkubwa anaongea bila kuhema.

"Hapo je?"

"Hapo ni mimi," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.